Mkono wa Karakana ya Mzee Sefu

Katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega, mwenye mota mbovu haulizi karakana ya Mzee Sefu iko wapi. Anauliza mkono uko wapi. Mkono wenyewe ni wa Faridi, mkwe wa mzee, mtu mfupi, mpole, mwenye ndevu chache na maneno machache kuliko hizo ndevu.

Kazi yao ni kusuka mota upya. Mashine ya kusaga ikiungua au pampu ya maji ikigoma, nyaya za shaba zilizozungushwa ndani ya mota hutolewa, zikawekwa mpya, zikalazwa kwenye mifereji ya chuma juu ya karatasi ngumu, kisha zikanyweshwa vanishi na kukaushwa kwa moto wa imbabura, yaani jiko la makaa. Shaba na chuma havitakiwi kugusana hata kidogo. Karatasi ikichubuka, umeme huvuja kutoka kwenye shaba ukaingia kwenye chuma. Ubaya wake ni kwamba mota haisimami. Inazunguka, inasaga, inavuta maji, watu wanashukuru, na huku mwili wake unamngoja mtu wa kwanza mwenye miguu iliyolowa. Mafundi husema mota imepiga masi.

Kipimo cha uvujaji huo kipo, kinaitwa megeri, kisanduku chenye mshale kinachozungushwa kwa mkono. Cha Mzee Sefu kimelala kabatini kimefungwa kitambaa, gia zake zimekwisha, na kupata kingine ni lazima kwanza upate dola, nawe nenda kazitafute. Iliyobaki ni taa ya kujaribia, nayo huwaka pale tu umeme unapovuja kwa wingi. Ule uvujaji mdogo wa kutekenya, taa haiuoni. Mkono ndio unaouona.

Basi kwa Mzee Sefu hakuna mota iliyotoka bila kushikwa. Sakafu inamwagiwa maji. Mteja anasogea. Faridi anavua ndala, anapiga bismillahi, mota inawashwa, naye anaweka juu ya chuma mgongo wa mkono wa kushoto. Mgongo, si kiganja, kwa sababu umeme ukikushika kiganjani vidole hujifunga na hakuna wa kukufungua. Kisha Faridi anasema neno moja, "Imelala," yaani umeme hauvuji, na mteja naye anagusa, kwa adabu tu, halafu wanaita wabebaji.

Utaratibu huu ulianzishwa na Mzee Sefu mwenyewe alipokuwa na nguvu. Moyo ulipoanza kumsumbua alimwachia mkwewe, na hapo ndipo Faridi alipoingia mahali ambapo hakuona mlango wa kutokea. Yeye ni mtoto wa Muyinga. Alikuja Gitega kijana asiye na mbele wala nyuma, mzee akamfundisha kazi, akamwoza binti yake Fatuma, akampa vyumba viwili ndani ya ua. Faridi alishukuru, na bado anashukuru, lakini kila mara alitamani kurudi kwao akafungue kibanda chake karibu na soko. Kila alipogusia, mzee alimjibu kwa upole uleule wa kumfungia mtu mlango taratibu.

"Mwanangu, fundi anaweza kuhama. Mukono hauhami. Ukienda na mukono, mi nitabaki na nini hapa? Na kabati ya megeri mbovu?"

Miaka ikapita. Halafu siku moja Faridi alikuwa amekaa karibu na imbabura akinywa chai, na Fatuma akapiga kelele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa jiko, na ngozi ilikuwa inatoa moshi. Faridi aliunusa ule moshi kabla ya kusikia maumivu yoyote. Ukweli ni kwamba hakusikia chochote kabisa.

Walitazamana, mke na mume. Vanishi ya miaka mingi, dawa ya kuoshea nyaya, madoa ya risasi ya kulehemu juu ya madoa mengine, ngozi ilikuwa imekuwa gome, na chini ya gome hapakuwa na mtu. Mkono wa kulia, unaoshika chuma cha kulehemu tangu ujana, ulikuwa umekufa zamani zaidi. Kwa muda gani Faridi alikuwa akiwaambia watu "Imelala" wakati aliyelala ni mkono wake? Swali hilo lilimnyima usingizi, na haki yake kunyimwa.

"Mwambie Baba," Fatuma alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba jina lake lote limekaa juu ya kitu kimekufa? Ile moyo yake itabeba?"

Fatuma alimjua baba yake, na ua ule ulikuwa wa baba yake.

Faridi akatafuta ujanja, kama anavyofanya kila mtu aliyebanwa. Alianza kukunja suruali mpaka magotini, akisema ni joto, hata siku za mvua. Mkono ukiwa juu ya chuma mbele za watu, chini yake ugoko wa mguu ulikuwa unagusa mota kimyakimya. Ugoko bado ulikuwa hai. Mara mbili ulimtekenya, na mara zote mbili akasema, "Bado, haijalala," mzee akaifungua mota na kukuta kasoro, watu wakazidi kuusifu mkono. Ugoko haukupata sifa hata moja. Kwa siri hiyo Faridi angeweza kuishi mpaka uzee, akijidanganya kwamba hamdanganyi mtu.

Lakini Bagalwa alikuja siku ya Ijumaa.

Bagalwa ni mfanyabiashara kutoka Kivu aliyeweka makao Muyinga, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Ana mashine ya kusaga pembeni mwa mji, watu wa Buhinyuza wanamletea mahindi na muhogo kwa baiskeli. Mota yake ilikuwa imesukwa na Faridi mwenyewe wiki ile. Siku hiyo alifika na lori la kuazima lililopata mafuta kwa bahati, na kwa kuwa mafuta yakikuangukia huyachezei, dereva alikataa hata kuzima injini. Pamoja naye alikuwa mkewe, Bora, mwanamke mwembamba, mtulivu, ndiye anayeisimamia mashine tangu asubuhi mpaka jioni.

Faridi alikuwa anatoka msikitini. Alikuwa na kanzu ndefu mpaka vifundoni.

"Mwanangu, haraka! Lori inangoja," Mzee Sefu aliita. Maji yalikwisha kumwagwa.

Alifikiria kwenda kubadili nguo. Alifikiria kupandisha kanzu mpaka magotini mbele ya mke wa mtu, na akaona aibu. Akavua viatu, mota ikawashwa, akaweka mgongo wa mkono juu ya chuma, na mkono ukakaa kimya, kama ambavyo ungekaa kimya hata juu ya moto. Watu walimtazama.

"Imelala," alisema.

Bagalwa akagusa, na viatu vyake vya ngozi miguuni, akatabasamu. Kisha Bora akavua kandambili, maana alikuwa ameona fundi amevua, akakanyaga maji na kuweka mkono wake. Akautoa. Akaurudisha tena, polepole.

"Mbona inanitekenya?" aliuliza. "Kidogo tu. Hapa."

Mzee Sefu alicheka, si kwa ubaya. "Mama, ile ni kutetemeka tu. Mota yote inatetemeka."

"Hapana, Mzee. Kutetemeka nakujua. Hii iko kama siafu."

"Bora, we uko na woga sana!" Bagalwa alisema, na sauti yake ikajaza karakana. "Faridi ameshika, hajasema kitu. We sasa unapita mukono ya Faridi?"

Wote wakacheka, wabebaji wakacheka, na mwishowe Bora mwenyewe akacheka, akivaa kandambili zake. Alimtazama Faridi mara moja, kama mtu anayemuuliza mwenzake njia.

Faridi alijua la kufanya, hata mwanafunzi wa kazi hii anajua. Unasema tu: zima. Mota ikizimwa, mtetemeko unakufa polepole jinsi chuma kinavyopunguza mwendo, lakini umeme unakatika papo hapo, hivyo kilichokuwa kinatekenya kinajulikana. Neno moja. Lakini neno hilo lingefuatiwa na swali, kwa nini mkono haukusikia alichosikia mwanamke huyu, na swali hilo halikuwa na jibu isipokuwa lile moja. Alitazama maji sakafuni. Mota ikapakiwa, lori likaondoka kuelekea Karusi na Muyinga, na Bora amekaa mbele karibu na dirisha.

Siku zilizofuata Faridi alikula bila kuonja. Hakuwa na namba ya Bora. Simu ya Bagalwa ilikuwa haipatikani, jioni, asubuhi, jioni tena. Kila akifumba macho aliona sakafu ya kusagia iliyooshwa kwa maji, na miguu ya mwanamke aliyejifunza kwake, kwa Faridi, kwamba mota hushikwa peku. Alikwenda kituoni kutafuta gari la Muyinga, akakuta magari yamepanga foleni ya mafuta na madereva wamelala chini yake. Akapiga moyo konde, akamwendea mzee.

"Baba, naomba ruhusa niende Muyinga. Ile mota ya Bagalwa, nataka niiangalie."

Mzee Sefu aliweka chini koleo lake. "Uiangalie sababu gani? Si ulishika?"

"Nilishika."

"Alors, sasa nini? Mukono ukifuata mota mpaka Muyinga, kesho Gitega yote itasema mota ya Sefu iko na shida. Watu wanakuja hapa juu ya kitu kimoja tu, mwanangu. Kile kitu kikijishuku chenyewe, tumekwisha, mi na we na Fatuma." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Umechoka. Pumzika kesho."

Kesho yake hakupumzika. Mchana, Gervasi, fundi mkuu wa kituo cha kuoshea kahawa, alikuja kuchukua pampu yake. Sakafu ilimwagiwa maji, imbabura ilikuwa inakausha mota nyingine pembeni, watu watatu wanne wakasimama kutazama kama kawaida. Ndipo simu ya Faridi ikalia. Bagalwa.

"Fundi! Nimeona umenipigia sana, huku mutandao ya simu ilikuwa hakuna." Nyuma yake kulisikika sauti za wanawake wengi. "Tena nakupigia saa muzuri. Niko hapa kwenye mashini. Huyu Bora ananitia aibu! Kila siku anavaa mabuti ya mupira, anasimama juu ya ubao, na akiona mutu anataka kugusa mashini anamufukuza. Anaambia bateja ati mota inatekenya. Sasa leo nimemwambia, toka, nitabaonyesha. Nimemwaga maji chini kama kwenu, nimevua viatu, mara tu anaiwasha nashika kama we, na..."

"Usishike!" Faridi alipiga kelele hata Gervasi akaruka. "Papa Bagalwa, usishike! Toka kwenye maji!"

Bagalwa alicheka. "We unanijaribu? Si nilikuona na macho yangu?"

"Mukono yangu imekufa! Haisikii kitu! Sikusikia kitu siku ile, sisikii kitu siku zote!"

Mzee Sefu alisimama na ndoo tupu mkononi. Katika simu Bagalwa aliendelea kucheka, sasa akiwaeleza wanawake wa pale. "Anasema mukono yake imekufa! Mukono ya Faridi! Mafundi ya Gitega banapenda mchezo."

Hebu fikiria kubanwa kwa namna hiyo. Kwa miaka mingi alikuwa amejijengea jina la kuaminiwa bila swali, na sasa jina hilo lilisimama kati yake na mtu aliyetaka kumwokoa. Angeweza kusema ukweli mpaka sauti ikauke, na kila mtu angeamini mkono kuliko mwenye mkono.

"Mwanangu," Mzee Sefu alisema kwa sauti ndogo, "weka simu. Watu wanasikia. Shika pampu ya Gervasi tumalize."

Faridi hakuweka simu. Aliishika kwa mkono wa kulia. Alipiga hatua mpaka kwenye imbabura, akaokota kaa jekundu kwa vidole vya kushoto kana kwamba anaokota tende, akaliviringisha mpaka likakaa juu ya mgongo wa mkono, pale pale pa siku zote. Akaunyoosha mkono kuelekea kwa baba mkwe wake.

Waliopiga kelele walikuwa wengine. Gervasi alipiga kelele, wabebaji walipiga kelele, Fatuma alitoka mbio ndani. Faridi peke yake alikuwa kimya, uso wake haukukunjamana hata kidogo, na harufu ikaanza kujaa chumba. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini si ya maumivu ya mkono.

"Baba, unaona?" alisema. "Sisikii."

Mzee Sefu alipangusa lile kaa kwa kofia yake mwenyewe. Ndoo ilimdondoka. Kisha akainyakua simu, ambayo bado ilikuwa inaongea, akaisogeza mdomoni.

"Bagalwa! Mi Sefu. Toka kwenye maji. Zima. Mi nasema zima!"

Halafu sauti ya Bora, karibu kabisa na simu, ikasema, "Sijaiwasha, Mzee. Aliniambia niwashe. Nilikuwa nimekataa."

Faridi alifika Muyinga siku chache baadaye juu ya lori la ndizi, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alimkuta Bagalwa amepungua sauti. Mtu yule mkubwa alimpokea mfuko, akamketisha, akamletea chakula mwenyewe, na hakuthubutu kuitazama ile bendeji. Faridi aliifungua mota kwa msaada wa Bora, yeye akielekeza na Bora akivuta. Katika mdomo wa mfereji mmoja karatasi ilikuwa imekunjika, na chini ya mkunjo shaba ilikuwa imejichubua ikaonekana inang'aa. Alijua mara moja ilivyotokea. Vidole visivyosikia ndivyo vilivyoipitisha karatasi ile na kutojua kwamba imekunjika. Kosa na kipimo cha kosa vilikuwa mkono uleule, na hilo lilimuuma kuliko kaa.

Wakatia karatasi mpya, Bora akiipapasa kila mfereji mpaka mwisho. Wakanywesha vanishi, wakakausha. Mota ilipofungwa mahali pake, wanawake wa foleni walikuwa wamejaa mlangoni, na Bagalwa, mtu haachi desturi, akasema taratibu, "Fundi, tunashika namna gani sasa?"

Kabla Faridi hajajibu simu yake ililia. Mzee Sefu.

"Mwanangu, rudi," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Gervasi amesimulia mji mzima. Wanasema hata moto hauwezi ule mukono. Watu wamejaa mpaka barabarani, na mota zao."

"Baba, hukuwaambia ukweli?"

"Niliwaambia! Nimewaambia mpaka kifua kimeniuma. Wanasema Mzee Sefu anaficha mukono yake wasimuibie." Akavuta pumzi. "Rudi tu. Weka pale juu, hata haisikii. Tutatafuta njia ingine pole pole. Mi nitafanya nini, Faridi? Niwafukuze?"

Faridi alikaa juu ya gunia la mahindi. Alikuwa ameuchoma mkono ule ili auue, na sasa ulikuwa unamngoja Gitega, mkubwa kuliko ulivyokuwa. Aliona karakana, sakafu iliyolowa, nyuso zinazosubiri neno lake moja, na akajua kwamba akirudi atalisema. Si kwa ubaya. Atalisema kwa sababu watu watakuwa wamesimama pale wakilingoja, na mzee atakuwa ameshika ndoo, na Fatuma atakuwa dirishani.

Bora alikuwa amesikia yote, maana Mzee Sefu huongea kwa simu kana kwamba anaita ng'ambo ya mto. Alinyoosha mkono wake, Faridi akampa simu bila kujua kwa nini.

"Mzee, mi Bora, bibi ya Bagalwa. Siku ile kwako nilisema inanitekenya. Mukacheka. Na mi nikacheka, sababu nyote mulicheka." Sauti yake haikupanda. "Faridi atarudi siku mutu akisema inamutekenya, nyinyi mutamuuliza wapi."

Bagalwa alitazama vidole vyake vya miguu. Mzee Sefu hakukata. Alisikika akikohoa, akimfukuza mtu aliyemsogelea, akivuta kiti.

"Mama," alisema mwishowe. "Siku ile... ilikuwa inatekenya wapi?"

"Pembeni, Mzee. Karibu na kifuniko."

"Mm. Na sasa? Sasa iko namna gani?"

Bora alimpa Faridi simu aishike. Akavua mabuti ya mpira, akayapanga ukutani, akakanyaga sakafu iliyolowa kwa miguu mitupu. Bagalwa mwenyewe ndiye aliyewasha. Bora aliweka mgongo wa mkono wake karibu na kifuniko, na Faridi akamsogezea simu mdomoni ili mzee asikie atakachosema.